Shule ina uwanja wa nyasi, basi na kocha wa kulipwa. Mbona inafungwa na shule ya kata kila mwaka?

#1 Kipa Mstaafu
Wakuu, salaam.

Jumamosi nilikwenda kumtazama mpwa wangu kwenye UMISSETA, michezo ya shule za sekondari Tanzania, ngazi ya wilaya. Anasoma shule moja ya binafsi huku Pwani, jina naliacha maana bado nadaiwa ada. Uwanja wao una nyasi zinazomwagiliwa asubuhi na jioni, nyavu mpya, jezi zina majina mgongoni, kocha amewahi kucheza Ligi Kuu. Hakuna mtoto asiye na daluga, na wengine wana jozi mbili.

Wapinzani ni shule ya kata, ya serikali. Wamekuja kwa miguu, kama kilomita nne hivi. Jezi zilikuwa kumi, wa kumi na moja akavaa fulana ya kampeni ya uchaguzi aliyoigeuza ndani nje. Winga wao wa kulia, namba 14, kiatu cha kushoto kilikuwa kimeachama, kakifunga kwa ukanda wa mpira wa ndani wa baiskeli. Kila baada ya muda anainama kuukaza, refa anampigia filimbi asipoteze muda.

Matokeo 4–0. Namba 14 katupia mawili, la tatu katoa pasi. Mwaka jana shule ya mpwa wangu ilifungwa 2–0, mwaka juzi ilitolewa kwa penati. Wapinzani walewale!

Tatizo ni nini? Naomba majibu ya watu waliocheza, sio wa mikeka.

#2 Mtoto wa Tandika
Njaa mkuu. Aliyeshiba hakimbii. Uzi ufungwe.

#3 Mwalimu Chaki
Usifungwe. Mtoto wa Tandika, njaa mimi nimeiona kwa macho. Nimekuwa mwalimu wa michezo miaka tisa. Mtoto ambaye hajala tangu jana usiku, ikifika kipindi cha pili ameshika magoti. Njaa haijawahi kufunga goli.

Hesabuni saa. Ratiba ya bweni: saa kumi usafi, kumi na nusu michezo, kumi na moja na nusu kuoga, kisha chakula, kisha prepo. Hapo michezo ni siku tatu kwa wiki, na dakika ishirini zinaishia kwenye kugawana vizibao na kupiga mstari. Mtoto wa kata anatoka darasani saa tisa, njiani anakuta chandimu, mpira wa mtaani, anafika nyumbani giza limeingia anapokewa na fimbo. Jumamosi ndondo, mashindano ya mtaani, Jumapili ndondo. Akifika kidato cha tatu ameshacheza na mafundi gereji na makonda wenye ndevu, anajua kiwiko kinatokea wapi. Kocha wa Ligi Kuu hawezi kumfundisha mtu hayo ndani ya lisaa limoja.

#4 Vijeba FC
Hapo kwenye ndevu ndipo penyewe. Kipa Mstaafu, una uhakika namba 14 ni mwanafunzi?

Mimi nilishamaliza kidato cha nne nikawa nachezea shule za watu kama mamluki, nalipwa chipsi na soda. Kuna mechi niliandikishwa kwa jina la mtu mwingine, refa akaniita kwa jina hilo mara tatu sikugeuka. Mwalimu wetu akamwambia nina matatizo ya masikio.

#5 Kipa Mstaafu
Hahaha. Namba 14 sauti yake ndiyo kwanza inakatika. Alipofunga la pili alipiga kelele ikatoka nusu ya kike nusu ya kiume, uwanja mzima ukacheka.

#6 Vijeba FC
Sauti si cheti. Nchi hii vijeba, waliozidi umri, ni utamaduni. Serengeti Boys, timu yetu ya taifa ya vijana, si walifungiwa kwa mambo hayohayo? Ndiyo maana hatukugusa tena fainali za Afrika za vijana mpaka tulipoandaa wenyewe 2019.

#7 Binti Ngerengere
Umechanganya. 2005 tulifuzu fainali za chini ya miaka 17, tukaenguliwa kwa umri wa mchezaji, Zimbabwe wakachukua nafasi. Hapo uko sahihi. Ila 2017 tulikuwepo Gabon, na safari hiyo ni sisi tuliolalamika: Congo Brazzaville walishindwa kumfikisha mchezaji wao kwenye kipimo, nafasi ikawa yetu. Siku hizi wanapiga MRI ya kifundo cha mkono kuangalia mifupa, FIFA walianza nayo 2009. Wilayani kwako nani ana MRI? Hospitali yenyewe eksirei ukiikuta inafanya kazi unapiga picha ya ukumbusho.

Na kwa kuwa umeitaja 2019: wenyeji sisi, uwanja wetu, mashabiki wetu. Tukafungwa na Nigeria 5–4, Uganda 3–0, Angola 4–2. Tukaaga. Mleta mada, sio shule ya mpwa wako peke yake yenye nyasi nzuri.

#8 Mtoto wa Tandika
Ile ya Nigeria nilikuwepo. Tulikuwa tunaongoza 4–3. Naomba tusiiongelee.

#9 Shamba la Kitale
Hamjambo majirani. Huku Kenya hata sisi tuna swali hilo. Shule zenye majengo ya kifahari na karo ya kutisha, kwenye kandanda utazisikia mara moja kwa mwaka. Ukitaja kandanda ya shule, watu wanataja Kakamega High, wale Green Commandos, wanataja St Anthony's ya hapa kwetu Kitale, wanataja Musingu. Sio shule fukara, lakini pia sio zenye pesa kushinda zote. Wana desturi. Kijana wa kidato cha kwanza anafika, anakuta mechi ya mazoezi imejaza shule nzima, mpaka mpishi anajua nani beki wa kushoto. Kabla hajagusa mpira ameshajua hapa mtu hachezi kwa kujifurahisha.

Jambo lingine. Shule zetu za kitaifa zilikuwa zinachukua wanafunzi kwa alama za KCPE, mtihani wa kumaliza darasa la nane, mpaka mtihani huo ulipofika mwisho 2023. Sasa niambie, fundi wa mpira mwenye alama hizo utampata wapi kila mwaka? Nyota wetu Mariga na nduguye Wanyama walisoma Kamukunji, Oliech alikuwa Dagoretti. Shule za mtaani hizo, Nairobi, si za majumba.

Swali: nyinyi huko shule inapanda yenyewe hadi taifa, au mnafanya kombaini?

#10 Mwalimu Chaki
Kombaini. Na umegusa kidonda changu.

Huku shule ikifanya vizuri, afisa michezo anakuja na daftari, anachomoa wawili watatu wanaingia timu ya wilaya, wakivuka huko wanaingia ya mkoa. Kule juu (Mtwara 2021, Tabora 2022) inasomwa mikoa, jina la shule halipo. Sasa mwenye shule binafsi anajiuliza: naleta kocha, nanunua mipira, kombe linabaki ofisi ya mkoa, mimi napata nini? Matokeo ya kidato cha nne yanatoka na jina la shule yake. Wakenya mwaka mzima mnatangaza shule kwa mpira, sisi tunaitangaza kwa divisheni.

#11 Mama wa Kidato cha Pili
Mimi ndiye nalipa hiyo ada mnayoisema, acheni niseme. Mwanangu ni kiungo mzuri, kila mtu anasema. Muhula uliopita akatoka na D ya hisabati. Nilimpigia mwalimu wa michezo mwenyewe: mwanangu asionekane uwanjani mpaka nione C. Nisameheni.

#12 Vijeba FC
Mama, wewe ndiye jibu la uzi.

#13 Mama wa Kidato cha Pili
Na wewe D zako ziko wapi sasa hivi mwanangu?

#14 Vijeba FC
😂 Shikamoo mama. Zimenifikisha kwenye uzi huu.

#15 Mzee wa Lugalo
Vijana mnasahau haraka. Mnasema nyenzo na mpira haviendani? Makongo ile ya miaka ya tisini, chini ya Kanali Kipingu, ilikuwa shule ya jeshi, viwanja vipo, nidhamu ipo, na iliwatikisa wote. Kipa Kaseja kapita pale. Baadaye straika Tegete. Watu walikuwa wanaacha kazi kwenda kutazama mechi za shule.

Kilichoua ni mwanzoni mwa miaka ya 2000, enzi za Waziri wa Elimu Mungai, michezo ya shule iliposimamishwa ili watoto wasome. Mwaka mmoja usipofundisha mpira, kidato cha kwanza wa mwaka ule hakumwona wa kidato cha nne akicheza. Ile desturi anayoisema ndugu wa Kitale inakatika hapo. Michezo ilirudishwa, lakini walimu waliokuwa wanajua kupanga timu walishahamia kwenye tuisheni.

#16 Binti Ngerengere
Mzee, Makongo ilikuwa inasaka vipaji mikoani na kuvileta. Haikupanga foleni ya waliofaulu na kulipa ada. Tusilinganishe na shule ya mpwa wa Kipa Mstaafu.

#17 Mzee wa Lugalo
Binti, ndicho nilichosema.

#18 Binti Ngerengere
Hukusema, mzee wangu. Ila nimekubali.

#19 Kona Fupi
Wote mmekosa. Mimi nimecheza beki. Tatizo ni NYASI. Mtoto aliyezoea zulia anajua mpira utakuja wapi. Mpeleke kwenye changarawe: unadunda juu ya goti, unakata kushoto, unakufia mguuni. Wa kata wamezaliwa humo. Wanatuliza kwa kifua, kwa paja, kwa tumbo. Ule mguso wa kwanza ndio mpira wote. Hao wa binafsi walikuwa bado wanashangaa uwanja, wenzao wanashangilia. Wang'oe nyasi, waje kunishukuru.

#20 Kipa Mstaafu
Mkuu Kona Fupi… mechi ilichezwa kwenye uwanja wa shule ya binafsi. Kwenye hizohizo nyasi.

#21 Kona Fupi
Aah.

Basi ndiyo kabisa. Aliyezoea changarawe ukimpa zulia anateleza kama samaki. Hoja yangu imebaki palepale.

#22 Mtoto wa Tandika
Mkuu una miguu minne wewe, unasimama popote 😂

#23 Mbongo wa Dallas
Habari za nyumbani. Huku Texas mpira wa shule ni ule wa kubeba mkononi, najua mtasema si mpira, lakini vumilieni. Kuna mji unaitwa Allen, kaskazini ya Dallas, sio mbali na ninapobeba mizigo. 2012 sekondari yao ilifungua uwanja wa dola milioni 60, watu 18,000 wanakaa. Wa shule! Miaka miwili baadaye zege likapasuka, uwanja ukafungwa.

Kocha wao na vijana wakahamia kuchezea viwanja vya wengine. Walichukua ubingwa wa jimbo 2012, 2013, na 2014 uwanja ukiwa umefungwa. Kijana aliyewaongoza, Kyler Murray, hakupoteza mechi hata moja kati ya 42 alizoanza pale. Sasa niambieni uwanja ulikuwa na kazi gani.

Ninavyoona mimi, Allen mji mzima una sekondari moja ya umma. Miji jirani ina kadhaa, vipaji vinagawanyika. Hapo wakubwa na wadogo wote wanaingia mlango mmoja, wanafunzi ni maelfu. Shule ya mpwa wako ina vijana wangapi wa kiume?

#24 Kipa Mstaafu
Wavulana kama 160. Shule ya kata sijui, ila pale mstarini asubuhi wanajaza barabara.

#25 Mbongo wa Dallas
Basi kocha anachagua 11 kati ya 160 waliopatikana kwa mfuko wa mzazi, mwenzake anachagua kati ya kata nzima bila kulipia.

#26 Bahati Nasibu
Niruhusuni nitie hesabu. Tuseme shule yenu ndiyo bora wilayani, na kila mechi ina nafasi 70 kati ya 100 za kushinda. Hiyo ni timu kali sana. Shule 16, mtoano, lazima ishinde mara nne mfululizo. Zidisha 0.7 mara nne: inakuja 0.24. Maana yake timu bora kuliko zote inakosa kombe miaka mitatu kati ya minne. Watu wakiona nyasi na basi wanadhani kombe ni haki, likikosekana wanatafuta mchawi.

#27 Mwalimu Chaki
Hesabu safi, ila inaeleza kukosa kombe. Haielezi kuchapwa na shule ileile miaka mitatu. Mtu akikupiga mara ya tatu mlango uleule, hiyo si bahati tena.

#28 Bahati Nasibu
Ya penati nayo unaihesabu? Penati ni sarafu.

#29 Kipa Mstaafu
Kama kipa naomba uifute hiyo sentensi.

#30 Kiraka
Nimesoma kimya ila kuna jambo hakuna anayelisema. Nilikuwa kocha msaidizi shule moja, siitaji, mkoa siutaji. Mwezi wa kwanza tulikuwa na straika mmoja mtamu, mtoto wa mpishi wa shule, anasoma kwa msamaha wa ada. Siku ya mechi ya kwanza meneja akaja na karatasi: namba tisa ni mtoto wa mjumbe wa bodi, kwa sababu baba yake ndiye kanunua jezi. Nikasema sawa, nitamwingiza wa mpishi kipindi cha pili. Nikaambiwa kipindi cha pili aingie wa mfadhili wa mipira.

Mtoto wa mpishi alikaa benchi na jezi safi, soksi kavuta mpaka gotini, dakika zote. Tulifungwa moja bila. Wiki iliyofuata hakuja mazoezini, nikamkuta jikoni anamenya vitunguu na baba yake. Hakuninunia. Alinikaribisha chai.

Shule ya kata hakuna mtu wa kumnunulia mtoto namba. Jezi zenyewe kumi.

#31 Mama wa Kidato cha Pili
Hii imeniuma.

#32 Mjaluo wa Bweyogerere
Nyote mnaongea kana kwamba pesa haiwezi. Njooni Uganda. St Mary's Kitende, ya Mulindwa, yule aliyekuwa rais wa FUFA, shirikisho la soka la Uganda, na mwenye klabu ya Vipers. Uwanja wa klabu uko hapohapo. Pesa ipo, mabasi yapo, na makombe wanayo. Tofauti ni kwamba wanatafuta mchezaji kwanza, ada inazungumzwa baadaye, na mtoto anaiona klabu ya ligi kwa dirisha la bweni. Shule yenu imenunua kila kitu isipokuwa wachezaji.

#33 Shamba la Kitale
Na ndiyo maana tukifika FEASSSA, michezo ya shule za Afrika Mashariki, tunalia kwamba Waganda wanasajili.

#34 Mjaluo wa Bweyogerere
Lieni tu. Na nyinyi mnasajili, ila mnaita ufadhili.

#35 Binti Ngerengere
Kabla hamjapigana: mbona wote mnaongelea wavulana? Fountain Gate ya Dodoma, shule ya binafsi, nyenzo zote, wasichana wake walikwenda Durban Aprili 2023 wakabeba ubingwa wa Afrika wa shule wa CAF, wakaifunga shule ya Morocco 3–0 fainali. Zawadi dola 300,000. Hapo njaa iko wapi, Mtoto wa Tandika? Nyasi ziko wapi, Kona Fupi?

Nadhani kwa wasichana inakuwa rahisi kidogo kwa wenye nyenzo, kwa sababu wa kata hana ndondo ya kwenda. Akitoka shule saa tisa anateka maji. Zile saa anazozisema Mwalimu Chaki ni za kaka yake. Kwa hiyo shule ikimpa msichana uwanja na muda, inamwacha mbali mwenzake. Kwa mvulana, mtaa umeshampa muda bure.

#36 Mwalimu Chaki
Hii sikuwahi kuiwaza. Asante.

#37 Kona Fupi
Fountain Gate walicheza kwenye nyasi. Nasema tu.

#38 Kipa Mstaafu
Nimerudi. Nimemuuliza mpwa mwenyewe, maana hatukumuuliza. Yeye ni beki wa kulia, ndiye aliyekuwa anamkaba namba 14. Kasema hivi: "Mjomba, yule nilikuwa nacheza naye chandimu kabla sijahamia bweni. Namjua. Anajifanya anakaza kile kiatu, ukisimama kumsubiri anaondoka."

Kumbe ukanda wa baiskeli ni silaha.

#39 Vijeba FC
😂😂 Nimekaa chini. Huyo ni mtu mzima, nimesema tangu #4.

#40 Mzee wa Lugalo
Zamani kulikuwa na mmoja alikuwa anajifanya anachechemea. Alitufunga matatu.

#41 Mama wa Kidato cha Pili
Kipa Mstaafu, mpwa wako hisabati anapata ngapi?

#42 Kipa Mstaafu
Mama tafadhali.

#43 Kiraka
Wakuu, siku hizi niko na timu ya ndondo hapa Tandika, tumekosa winga wa kulia. Huyo namba 14 anapatikanaje? Nauli natuma.

#44 Kipa Mstaafu
Njoo PM. Nauli na viatu. Ukanda anao.